Neno "Funga" Katika Ghala la Samaki

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, aliyempa mwanadamu ulimi wa kutaja vitu na mikono ya kuvitengeneza. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu na jamaa zake. Namshukuru Mola kwa umri alionijaalia, na hata kwa kumbukumbu hii, ambayo nikiifikiri mpaka leo viganja hunitoka jasho.

Katika ile miaka ya tisini, mwanangu kitinda mimba alirudi nyumbani kwetu Mji wa Kale na cheti cha ufundi wa stima, huu umeme wa majumbani. Mama yake alikitia kabatini pamoja na nguo za Idi, nacho kikakaa humo zaidi ya mwaka. Kila siku baada ya Alfajiri kijana alitoka kutafuta kazi, bandarini, viwandani, hata kwenye karakana za huko Kibarani. Alikokwenda aliambiwa neno moja: "Twataka mtu aliyewahi kushika kazi." Nami nikijiuliza, ataishikaje na hakuna anayempa?

Ajabu ni kwamba kazi zilikuwepo. Msikitini nilizoea kukaa karibu na bwana mmoja mwenye ghala dogo la samaki upande wa Liwatoni, ghala ambalo sasa halipo tena. Yeye naye alikuwa na kilio chake. Mafundi wake wawili walikuwa wamekwenda Uarabuni, akabakiwa na mzee mmoja na mashine za baridi zilizochoka.

"Maalim," aliniambia, kwani nilikuwa nikisomesha Qur'ani chuoni mtaani petu, "mji umejaa vyeti, na samaki wangu waoza kwa kukosa fundi."

"Cheti kimoja kiko kabatini kwangu," nikamwambia.

Akacheka, lakini alimchukua mwanangu kwa majaribio. "Mzee akimkubali, ni wetu. Akimkataa, Maalim, usininunie."

Basi riziki ya mwanangu ikawa mikononi mwa huyo fundi mzee. Alikuwa mzaliwa wa Rabai, Mkristo, mkazi wa Majengo kwa miaka mingi, na kazi alijifunza kwa kumtazama fundi mmoja wa Kihindi. Mwanangu akirudi jioni alikuwa akinieleza.

"Baba, yule mzee hana majina ya vitu. Kila kitu ni dude. 'Profesa, nipe lile dude lenye masikio!'"

"Nawe wampa?"

"Nampa. Kisha anitukana kuwa si hilo."

Tulicheka, lakini mimi moyoni sikuwa na raha. Mwanangu alisoma kwa Kiingereza, fundi alifanya kazi kwa Kiswahili, na kati yao kulikuwa na stima.

Asubuhi moja niko chuoni, watoto wanasoma, jirani akachungulia dirishani. "Maalim, kuna mtu kanaswa na stima kule ghalani kwa mwanao."

"Mtu gani?"

Hakujua. Niliwaruhusu watoto waende kwao, nikatoka bila kofia. Ulimi ulikuwa ukisoma dua, lakini macho yalikuwa yakiona jeneza. Kabla sijafika mbali nilimwona mwanangu anakuja kwa miguu, shati limelowa maji ya barafu. Nikasema Alhamdulillahi. Papo hapo nikaiogopa shukrani yangu, kwani ikiwa huyu amesalimika, basi mwenziwe ndiye aliyeumia.

"Baba," akasema, "nimemuua mzee wa watu."

Hakuwa amemuua. Fundi alikuwa hospitali, mkono umeungua, mbavu zinamuuma. Nilimkalisha mwanangu kibarazani, akanieleza ilivyokuwa.

Feni la chumba cha baridi lilikuwa limesimama. Mwanangu, kama alivyofunzwa, aliikata stima kwanza kwenye swichi kubwa ya ukutani, nje ya mlango. Fundi alikuwa ndani juu ya ngazi na hakujua kuwa imeshakatwa. Akapiga kelele: "Funga!"

Sisi Mombasa, tangu stima iingie mjini, tukisema funga taa, ni giza, na tukisema fungua taa, ni mwanga. Lakini skulini kwao mambo ni kinyume. Kwa Kizungu njia ya stima ikifungwa ndipo imeungana na stima hupita, ikifunguliwa, imekatika. Hivyo ndivyo mwanangu alivyojibu kwenye mtihani, akapasi. Aliposikia "funga", na swichi tayari imeshushwa, akasema moyoni: mbona aniambia hivi na stima hakuna? Bila shaka ataka iungane. Akaipandisha. Fundi alikuwa ameshatia vidole kwenye nyaya. Alirushwa toka kwenye ngazi, akaangukia masanduku ya barafu, na hiyo barafu ndiyo sababu aliyoijaalia Mungu ya kumponya.

Mwenye ghala alimwambia mwanangu akae nyumbani mpaka fundi atakaposema neno lake. Nyumba yetu ikawa kama ya msiba. Mama yake alikuwa akipika chakula na hakuna anayekila. Kijana akasema hatagusa waya tena maishani, na mimi sikujua nimwombee nini: arudi kazini, au asirudi?

Fundi alipotolewa hospitali tulikwenda kwake Majengo. Mkewe alitukaribisha kwa sauti kavu. Fundi alikuwa kitandani, mkono umefungwa bendeji, akamwona mwanangu.

"Profesa. Umekuja kumalizia?"

Mwanangu akapiga magoti, akaeleza yote, huku machozi yanamtoka. Fundi akasikiliza, akamwambia arudie tena pale pa Kizungu. Kisha akanigeukia mimi.

"Maalim, nilimwambia funga, naye akafunga. Basi kosa lake ni nini? Amefunga kwa Kizungu!"

Akacheka mpaka mbavu zikamuuma, akaanza kumlaani mwanangu upya.

Miaka yote nimewakanya watoto chuoni wasisimame pasipofaa katika kisomo, maana kisimamo kibaya hugeuza maana. Sikuwahi kufikiri kuwa neno laweza kumbabua mtu vidole.

"Tutafute neno jingine," fundi akasema. "Nikisema kata, ukate. Nikisema leta, ulete."

"Nami nitakujibu, Mzee," mwanangu akasema. "Nikishakata nitasema nimekata. Nawe usiguse kabla hujazipima nyaya kwa taa."

"Mimi sijapima siku zote hizi."

"Ndiyo maana mkono wako umekuwa mshikaki!" mkewe akasema kutoka jikoni. Hapo ndipo tulipoletewa chai.

Mwenye ghala alikuwa na hofu, na haki alikuwa nayo. Fundi akamwambia atamjibu kazini: feni lile lile lililokuwa bado halijatengenezwa, ngazi ile ile, na kwenye swichi asimame yule yule. Siku hiyo nilikwenda nao kwa kisingizio cha kununua samaki. Nilisimama ambapo niliweza kuwaona wote wawili, na wao hawakuonana.

Fundi akapanda, mkono mmoja bado una bendeji.

"Kata!"

Mwanangu aliutazama mpini wa swichi kama mtu anayetazama nyoka. Nilianza Ayatul Kursiy nikapotea katikati, mimi niliyeisomesha maisha yangu yote. Mwanangu akaushusha mpini.

"Nimekata!"

Fundi akaweka taa ya kupimia kwenye nyaya. Haikuwaka. Akanitupia jicho kutoka juu, akatia vidole. Nikafumba macho. Nilipoyafumbua alikuwa akikaza skrubu na kunung'unika kuhusu dude fulani.

"Leta!"

"Naleta!"

Feni likazunguka, na upepo wa baridi ukatupiga usoni.

"Huyu ni wetu," fundi akamwambia mwenye ghala. "Lakini wale wengine wanaosoma huko skulini kwake, waleteni hapa wangali wanasoma. Wasinijie na vyeti kwanza wakaniua."

Tulikwenda skulini, mwenye ghala nami, tukaomba vijana wafunzwe na maneno ya mafundi. Mwalimu alitusikiliza kwa adabu, akasema mtihani unatoka Nairobi, naye hana uwezo wa kugeuza hata neno moja. Lakini likizo iliyofuata aliwaleta wanafunzi wake wakasimama na fundi, naye akawatukana wote kwa usawa.

Mwanangu alidumu katika kazi ile. Sitadanganya kuwa hofu yangu ilikwisha. Ilijifunza kukaa na subira. Nawe unayesoma haya, Mwenyezi Mungu ailinde mikono yako, akujaalie mwenza wa kazi anayekujibu unapomwita, na akurudishie walio wako wakiwa wazima. Amin.