Bei Iliyokataa Kusubiri Korosho

Mtu wa Mtwara akikuambia "subiri korosho" hajakudanganya. Kwetu kila kitu husubiri korosho. Bati za nyumba husubiri, kitanda kipya husubiri, mahari husubiri. Nimewahi kuona hata jino bovu likisubiri, mwenyewe kajifunga kitambaa shavuni na anacheka upande mmoja tu, akijua mnada wa kwanza ukipita atakwenda kuling'oa kwa heshima zote. Kwa hiyo masika ile, kompyuta yangu ilipoanza kuzimika yenyewe katikati ya kazi kama mlevi anayesinzia huku anaongea, sikushtuka. Nilikwenda kuuliza bei ya vipuri, nikasema nitanunua korosho zikianza.

Nina chumba cha biashara Chikongola, hapa mjini, chembamba kiasi kwamba mteja mnene akiingia inanibidi mimi nitoke. Humo nachapa barua, natoa nakala, napiga picha za pasipoti. Lakini mkate wangu hasa ni video za harusi. Kazi hii niliisomea jioni. Mchana nilikuwa bandarini nikipakia magunia, jioni nikaenda darasani na mgongo unaolia kama mlango mkavu, na mwisho nikapata cheti. Nimekitundika juu kabisa karibu na dari, ili anayetaka kukisoma ainue kichwa.

Muuza vipuri wangu ana duka mtaa wa pili. Yeye ni Myao, mimi Mmakonde, tumeshatukanana kwa utani miaka mingi na hakuna aliyekwenda kushtaki. Masika ile alinitajia bei ya mazabodi, ule ubao mpana unaoshika viungo vyote vya kompyuta, pamoja na prosesa, ambayo ndiyo ubongo wenyewe. Bei iliuma, lakini iliuma kama sindano ya zahanati: unafumba macho, inapita. Aliposikia nasubiri korosho, alitikisa kichwa kukubali. Hata yeye alinunua friji yake hivyo hivyo.

Mikorosho ikatoa maua, maua yakawa korosho. Siku moja umeme ukakatika, ukarudi kwa hasira kama mke aliyefuatwa kwao akakubali shingo upande, na kompyuta yangu ikatoa harufu ya nywele zilizoungua. Haikuwaka tena.

Nikarudi dukani. Akanitajia bei. Nikamwomba arudie, nikidhani ameongeza namba ya simu yake mwishoni.

"Mtani, masika ulinitajia bei nyingine kabisa."

"Masika ilikuwa masika. Ungenunua masika."

"Si nilikuambia nasubiri korosho?"

"Mimi nilikuelewa. Huko kiwandani ndiko hawajui korosho."

Akanieleza kuwa siku hizi dunia nzima inajenga mashine za akili bandia, zinameza chipu kama nzige, na watu kama sisi tunaachiwa makombo kwa bei ya pilau. Halafu kuna dola. Halafu kuna meli. Kila akiagiza mzigo hupewa sababu mpya, na hakuna sababu hata moja iliyowahi kuja na punguzo.

Alipofungua mashine yangu na kuipima, alikuta prosesa ni nzima. Iliyokufa ilikuwa mazabodi.

"Basi nipe mazabodi peke yake."

"Mazabodi mpya haipokei prosesa ya zamani. Zimebadilisha makalio na viti. Ununue na prosesa mpya. Na kumbukumbu mpya pia, ile yako haitaingia."

"Yaani tairi likipasuka ninunue gari."

"Na dereva," akasema.

Nilicheka, maana utani ni utani, lakini nilitoka pale nimechemka. Hasira yangu haikuwa ya kukosa peke yake. Nimekosa vitu vingi maishani na bado ninanenepa. Iliniuma kwamba kitu changu ni kizima na nalazimishwa kukitupa.

Na nilikuwa na la kunikimbiza. Mwenye nyumba wangu, mama mmoja mpole anayefukuza watu kwa sauti ya kubembeleza mtoto, alikuwa amekuja asubuhi ile ile. Nilimwamkia, akaitikia marahaba, akatazama skrini nyeusi.

"Mwanangu, chumba chenye kitu kilichokufa kinakimbiza riziki ya nyumba nzima. Kuna baba anauza bati, anakitaka kabla ya msimu. Mimi nimemwambia tungoje mnada wa kwanza. Ikiwa imewaka, kaa. Ikiwa haijawaka, tusaidiane kutoa meza."

Mnada wa kwanza ulikuwa hauko mbali, korosho zilishaanza kudondoka. Nami niliapa kwamba meza ile haitoki. Niliibeba mwenyewe kichwani kutoka kwa seremala, na hadi leo naamini shingo yangu ilipungua urefu.

Kesho yake nikarudi kwa mtani wangu nikiwa na wazo la kishujaa. Kwetu bei za wanunuzi husomwa mbele ya wakulima, na zisipowapendeza husema hawauzi, magunia yakabaki ghalani mpaka ije bei nyingine. Nimemwona mama yangu akinyoosha mkono pale kijijini kwetu Mahurunga kukataa bei, kashika kiuno kwa mkono wa pili, na matajiri wenye magari wakatazama viatu vyao. Nikasimama mbele ya kaunta.

"Nimekuja kukuambia. Nimekataa bei."

Akaweka chini kikombe cha chai. "Umeikataa."

"Nimeikataa."

"Basi nitaiambia. Italia sana."

Hapo ndipo nikaona kasoro ya ushujaa wangu. Mkulima akikataa, korosho anazo yeye. Mimi nilikuwa nakataa kitu cha mtu mwingine, mikono mitupu. Nilikuwa naona haya, nikawa natazama chini, na chini pale kulikuwa na boksi la takataka zake. Juu ya takataka kulikuwa na mazabodi ya aina ile ile ya zamani, pacha wa marehemu wangu.

"Hiyo maiti," akasema. "Mtu alikandamiza prosesa kwa kidole gumba kama anabandika stempu. Sindano zimelala."

Pale prosesa inapokaa pana vijisindano vya dhahabu vilivyopangwa mistari, vingi kuliko nywele za kichwa changu, na kichwa changu bado hakina upara. Kila kimoja lazima kisimame. Pembe moja ya hii ilikuwa imelala kama mpunga uliopitiwa na kiboko.

"Bei yake?"

"Ukishindwa, soda moja. Ukiweza, mbili."

Niliifunga kwenye khanga nikaipeleka Mahurunga kwa mama. Nilikuwa nafuata mambo mawili ambayo Chikongola hayapo: mwanga mzuri wa barazani na mahali ambapo hakuna mteja wa kuuliza kama nimefungua. Nilikuwa na sindano ya kushonea na lenzi niliyoazima kwa fundi saa. Mama alikuwa mkekani anabangua korosho za nyumbani, vidole vyeusi kwa mafuta ya maganda. Nikamwamkia, nikaketi pembeni yake, nikamsimulia mkasa wangu, nikafungua khanga.

"Hiki ndicho kinachotaka kukutoa mjini?"

"Ndicho, mama."

"Kina sindano."

"Zimelala. Nataka kuziinua moja moja."

Akakitazama kwa muda. "Basi acha kupumua kama kiboko wa Ruvuma. Utazipeperusha."

Nyumbani kwetu kulikuwa na sheria ya kubangua. Korosho ikitoka nzima inakwenda kwenye ungo. Ikivunjika inaliwa, lakini aliyeivunja haili, anakula mwenzake. Kwa sheria hiyo mama alilea watoto wenye vidole vya daktari. Nilijifunza kwamba ganda halitaki nguvu, linataka usikilize linapoanza kukubali, ndipo umalizie. Nilikuwa mtoto mwenye njaa kuliko watoto wote wa ukanda huu, na bado niliweza kutoa korosho nzima hata kwenye ganda lililokunjamana kama sura ya mtoza kodi.

Vidole vilikuwa havijasahau. Nikaingiza ncha ya sindano chini ya kijisindano cha kwanza, nikangoja, kikakubali, nikakiinua. Nikahamia kwa jirani yake. Jua likasogea, nasi tukasogeza mkeka. Mama alikuwa anabangua, mimi nainua, na mlio wa maganda yake ukawa unanipigia mwendo. Shingo iliniuma mpaka nikaanza kuihurumia kama shingo ya mtu mwingine.

Karibu na mwisho, kijisindano kimoja kilikatika. Hakikutoa sauti yoyote, lakini mama aliacha kubangua.

"Umevunja."

"Nimevunja."

"Basi hiyo usiile," akasema, akaendelea na kazi yake.

Nilikaa nikitazama lile pengo. Nilitamani kuitupa ile mazabodi mpaka ng'ambo Msumbiji, na kwa hasira niliyokuwa nayo ingefika na kupita forodhani. Kisha nikainama tena. Vilivyobaki vilikuwa vimelala bado, na kulala kwao hakukuhusiana na kosa la mwenzao. Nikavimaliza.

Niliporudi Chikongola nilikuta mlango wangu umesimamiwa. Mwenye nyumba alikuwepo na muuza bati, naye ana futi kamba, anapima ukuta wangu.

"Mama, mnada bado."

"Bado, mwanangu. Baba anaangalia tu."

Nikaweka mazabodi mahali pake, nikalaza prosesa taratibu kama mtoto aliyesinzia mgongoni, nikawasha. Feni ikazunguka, ikasimama. Nikawasha tena. Ikazunguka, ikasimama. Muuza bati akaandika kipimo kwenye kiganja chake.

Nikakumbuka kijisindano kilichovunjika. Vile vijisindano vina kazi tofauti, vingine vinaunganisha prosesa na kumbukumbu. Kumbukumbu zangu, vile vibao vyembamba vya RAM, zilikuwa mbili, kila moja na kitanda chake. Nikaitoa ya kwanza, nikawasha. Kimya. Nikairudisha, nikaitoa ya pili.

Ikalia mara moja, mlio mfupi. Skrini ikawa nyeupe, kisha ikawa na picha.

Nilifungua kazi ya mwisho niliyoiacha, harusi ya upande wa Mnazi Bay. Shangazi wa bibi harusi alikuwa anacheza na sinia kichwani, vyombo vikiwa juu yake na havianguki. Mwenye nyumba akasogea. Akaketi kwenye kiti cha wateja.

"Huyu anacheza," akasema.

"Anacheza sana, mama. Sasa hivi atateremka bila kushika sinia."

"Usiizime basi."

Shangazi akateremka hadi chini, akapanda, sinia halikutikisika. Mwenye nyumba alisema na muuza bati bila kuondoa macho kwenye skrini.

"Baba, nenda ukaulize upande wa sokoni. Humu mna mtu."

Mashine yangu tangu siku ile ina nusu ya kumbukumbu. Video ya harusi inachukua muda mrefu kuliko ndoa zingine ninazozifahamu, na wateja nimewazoesha kuleta subira yao kutoka nyumbani. Vipya sijanunua. Kila mwezi napita kuuliza bei, natajiwa, nakataa, narudi kazini. Sasa naikataa nikiwa na mashine inayonguruma, na hilo mtani wangu analijua, maana siku hizi ananitajia kwa sauti ya chini kidogo.

Soda zake mbili nilimlipa, akazinywa palepale dukani kwake. Wiki iliyofuata nilipita, nikaona boksi la takataka halipo sakafuni. Maiti zake zote zilikuwa zimefutwa vumbi na kupangwa kwenye rafu ya mbele, kila moja na kikaratasi cha bei.

Nikasoma vikaratasi vyote, kimoja kimoja, bila haraka. Kisha nikavuta benchi lake, nikaketi.

"Nimekataa bei," nikamwambia, nikangoja alete nyingine.