Nilimfungia shemeji tanki la ziada, akamwogesha dada yangu petroli

Admin, jina langu lizike kabisa, maana hapa Kibaha nikikohoa tu wananijua. Nina miaka arobaini na moja, nina mke na watoto, ni fundi wa kuchomelea, kibanda changu kipo Tangini. Shule niliiachia darasa la sita, na aliyelia ni mwalimu, si mimi. Lakini dunia nimeiona: Tunduma nimekaa, Lusaka nimekula, Durban nimelala ndani ya kontena na mbwa wa mlinzi akanipenda. Ukifungua geti Kibaha hii na halipigi kelele, ujue limepita mikononi mwangu. Leo fundi mzima nimekwama.

Nina mdogo wangu wa kike, tumebaki wawili tu kwa mama yetu. Ameolewa Masaki, kule Kisarawe, na ana watoto. Mumewe ana pikapu ya petroli, anabebea mihogo na mkaa. Kwao kituo cha mafuta kipo mbali, siku moja akanijia kibandani: "Shem, nifungie tanki la ziada, nimechoka kuzimikiwa porini." Nikamjibu, "Umefika kwa baba wa matanki." Nilikata bati nene, ndani nikaweka kuta ili mafuta yasiyumbe kwenye kona, nikalijaza upepo na kulipaka povu la sabuni, wallahi hata kipovu kimoja hakikutoka. Nikalifunga nyuma ya kabini. Halafu kwa sifa zangu, bila kuombwa na mtu, nikamwekea na koki ubavuni. "Bodaboda wa kijijini wakikaukiwa, shem, unawakingia hapa kwenye chupa. Mkeo naye anapata biashara." Akanikumbatia.

Biashara ikashika, na dada ndiye aliyekuwa akikinga mafuta gari likiwa nyumbani. Jamaa wivu ukampanda. Kumbe kumpiga alishaanza zamani. Mimi nilikuwa naambiwa kateleza kisimani, mara kagongwa na mlango, na mimi mjanja wa Durban naamini.

Wiki iliyopita, mchana kweupe, akamkuta anamkingia dereva wa bodaboda huku wanacheka. Akasubiri dereva aondoke. Akamkamata dada nywele, akamkandamiza chini ya koki, akaifungua yote. Kichwani, machoni, kifuani. "Si unapenda mafuta? Oga!" Dada alipopiga kelele yakamwingia mdomoni. Kisha jamaa akaenda jikoni kuchukua kaa la moto.

Jikoni alikuwepo mama yake mzazi, bibi mtu mzima, anapika maharage. Alipoona mwanawe kashika koleo, akapindua sufuria lote juu ya jiko. Moto ukazima. Jamaa akamchapa mama yake kofi, bibi akaanguka, na pale chini akawa anapiga yowe, "Kimbia mwanangu! Kimbia!"

Akakimbia. Barabarani akamkuta dereva yule yule, akampakia mpaka Kibaha. Mimi nilikuwa nachomelea geti, cheche zinaruka, harufu ya petroli ikanifikia kabla sijamwona. Kugeuka, dada yangu anakuja mbio moja kwa moja kwangu, mikono mbele, khanga imemgandia mwilini. Nikatupa mashine, nikafoka, "Simama hapo hapo!" Akasimama, akadhani na mimi namfukuza. Ule uso wake unanijia hadi nikiwa nakula.

Nilimkabidhi kwa mke wangu, nikaenda Masaki na nyundo kubwa. Nilitaka nianze na tanki, ila akili ya ufundi ikanikataza: cheche moja tu, kijiji kizima tunawaka. Nikaitupa nyundo, nikamvaa kwa mikono. Nilimpiga, ndugu zangu. Nilimbamiza uso kwenye tairi lake, nikaukunja mkono wake mpaka nikausikia unavunjika kama fito. Na yeye alining'oa meno ya mbele, ingawa mtaani nasema nilijikwaa. Majirani walinivuta huku bado narusha mateke hewani. Mama yake alikuwa amekaa pembeni, shavu limevimba. Hakusema niache. Nikachukua funguo, nikaondoka na pikapu.

Sasa jamaa kafungua kesi ya kujeruhi na kuiba gari. Juzi wazee wa pande zote wamekaa kwangu, naye kaja mkono umefungwa hogo la plasta. Akasema mbele yao, "Shem, shetani alinipitia. Rudisha gari na tanki lake, mke wangu arudi nyumbani, na mimi kesi naifuta." Wazee wakatikisa vichwa kukubali. Baba mdogo akaninong'oneza, "Ukifungwa, wanao watakula mageti?"

Mimi nilitaka twende polisi na kesi yetu. Ile khanga nimeihifadhi kwenye ndoo yenye mfuniko. Dada kakataa katakata. Watoto wake wako kule, na jamaa kamtumia ujumbe kwamba akienda polisi hatawaona tena. Jana dada akanifuata karibu na pikapu.

"Kaka, wewe itoe koki tu. Mimi nirudi kwa wanangu."

"Na akiyanyonya mafuta kwa mpira je?"

Akaikaza koki kwa mkono. Halafu akasema, "Mama mkwe yupo."

Niliyamwaga mafuta ya tanki, nikalijaza maji lisilipuke, nikang'oa koki na kuliziba tundu. Nimechomelea vizuri kuliko kazi yoyote niliyowahi kufanya. Jamaa anakuja leo jioni na mtu wa kumwendeshea. Dada kafunga begi, tangu asubuhi amekaa kiti cha mbele cha pikapu hapa kibandani kwangu, mkanda kafunga, anatazama mbele kama safari imeshaanza. Chai nimempelekea, imepoa mkononi mwake.

Funguo ziko mfukoni mwangu. Nikizitoa, mimi ndiye nitakayekuwa nimempeleka. Nikizizuia, naenda ndani, na anavyowalilia wanawe najua atashuka aende hata kwa miguu. Nyie wenye dada zenu, nishaurini kabla jioni haijafika: hizi funguo nizitoe?