Friza ya Auleria na Soda za Mgeni Rasmi

Siku ya Jumatatu, tarehe 15 Mei 2023, ghala moja la mahindi huko Chang'ombe lilikuwa na wapagazi kumi na tisa, saba kati yao wakiwa wamelazwa kwa homa na kutokwa damu puani. Malaria haikuonekana. Panya walionekana kila mahali, lakini mwenye ghala, Bwana Gaudens, alidai cheti chenye jina la ugonjwa kabla ya kufunga hata dirisha. Wapagazi kumi na wawili wakaendelea kubeba magunia.

Cheti hicho kilimtegemea Auleria, mtaalamu wa maabara kutoka Kibamba, ambaye kwa miaka ishirini na mitatu hakupandishwa cheo kwa kuwa hakujua kucheka mbele ya wakubwa. Alichukua damu ya wote saba ili aoteshe virusi ndani ya seli hai. Seli zilizokuwa tayari zilitosha wagonjwa wawili. Damu ya watano akaigandisha kwenye friza.

Kesho yake alikuja mgeni rasmi kuzindua kibao kipya cha maabara. Auleria alikuta friza imejaa soda, na vichupa vyake vitano vimepangwa dirishani, juani, juu ya kitambaa cha kufuma.

"Nani ametoa damu yangu?"

"Dada Auleria, usianze," alisema Godlisten, mwenyekiti wa kamati ya mapokezi. "Friji ya jikoni mbovu. Mgeni anywe soda ya moto?"

"Na virusi vikishakufa, nitaotesha nini?"

"Vimekufa? Basi tumeshatibu!"

Kamati nzima ikaangua kicheko.

"Sawa," alisema Auleria. "Soda hizo zimelala palipolala damu ya wagonjwa. Anayempa mgeni aniandikie jina lake hapa."

Kicheko kilikatika. Godlisten, aliyekwisha kunywa mbili, akatafuta kiti.

Damu ya mwanzo wa homa, ambayo ndiyo yenye virusi vingi, haiwezi kuchukuliwa mara ya pili. Kati ya zile chupa mbili za seli, moja haikuotesha kitu. Ile ya mpagazi Lusungu ilionyesha seli zinazokufa siku ya tisa. Jina likapatikana, ghala likafungwa. Godlisten alikaa chini ya uangalizi siku ishirini na moja, akijipima joto mara sita kwa siku, hakuugua.

Wapagazi waliosalia hai: kumi na sita. Wajumbe wa kamati waliosalia kwenye kamati: wote kumi na mmoja. Friza: moja, yenye kufuli; ufunguo anao Auleria.