Nicholaus Alishusha Gari Kidogo Tu

Hebu mwone Nicholaus anavyoingia Rwamishenye, Bukoba, Jumapili jioni, anatoka Muleba kwa mama yake. Kioo kimeshushwa, kiwiko kiko nje, na kagari kake keusi kamebeba mikungu minne ya ndizi: miwili kwenye buti, miwili kiti cha nyuma. Mama yake hajawahi kumwacha arudi mjini mikono mitupu, na hatamwacha hata akiwa waziri. Kwa uzito huo gari limelala chini, matairi yamejificha ndani ya bodi, linakwenda taratibu kama padri anayeelekea altareni.

Nje ya duka la dawa alikuwa amesimama Stellah, muuzaji wa pale, ambaye Nicholaus alikuwa ameshamnunulia soda nyingi kuliko kiu yake.

"Leo gari lako limependeza," Stellah alisema. "Umelifanya nini?"

Sasa, Nicholaus ni mpima viwanja, mtu wa kusema kitu kilivyo. Angeweza kujibu kwamba amepakia ndizi. Lakini niambie, mwanaume gani wa Bukoba, shati limenyooshwa hivyo, atataja ndizi mbele ya Stellah?

"Nimelirekebisha kidogo," alisema.

Basi ikabidi alirekebishe kweli. Alipofika nyumbani, kabla ya kupakua, alipima nafasi kati ya tairi na bodi. Vidole viwili. Akapakua, akapima tena. Vidole vinne. Akaandika kwenye daftari kama anaandika mpaka wa shamba.

Kesho yake alikwenda Kitendaguro kwa fundi Elikana. Elikana alichungulia chini ya gari, akainuka na msumeno.

"Bosi, springi nakata mizunguko miwili, saa sita unaondoka."

"Litakuwaje?"

"Litashuka."

"Nauliza likiwa barabarani."

"Ooh, barabarani. Litarukaruka kidogo kama mbuzi aliyekanyaga moto. Utazoea."

Nicholaus akaona bora aende mjini kwa Sandeep. Huyu ni mjukuu wa mzee Mulji, anauza vipuri katika duka lile lile la babu yake, na Kihaya chake kinawaaibisha vijana wengi wa hapa.

"Usikate," Sandeep alisema. "Springi iliyokatwa haina adabu. Chukua iliyotengenezwa fupi, na shokapu fupi za kulingana nayo. Ukiiweka kwenye shokapu ndefu za zamani, hazielewani, na wewe ndiye utakayeumia mgongo." Akaweka seti mbili juu ya meza. "Hizi zinashusha kidole kimoja. Ni ngumu, zinavumilia mzigo. Hizi zinashusha viwili, ni laini, za mtu wa ofisini. Sasa niambie kama unamwambia daktari: kila wiki unabeba nini?"

Bahati mbaya, Joanitha, anayefanya kazi na Stellah, alikuwa amesimama pale pale akinunua balbu ya pikipiki.

"Mimi na mkoba wangu," Nicholaus alisema.

Sandeep alichungulia nje. Kwenye mlango wa buti lilikuwa limebanwa jani kavu la mgomba, refu, linapepea.

"Mkoba," alisema.

"Mkoba."

"Haya."

Umeliona kosa? Alilipima gari likiwa na ndizi ndani, akalishusha hadi pale pale, akasahau kwamba ndizi hazijaacha kuja.

Siku tano za kwanza zilikuwa raha tupu. Elikana alifunga springi huku amenuna, gari likakaa vidole viwili barabara, na Nicholaus alikuwa akiegesha kisha anatembea hatua ishirini ili ageuke alitazame. Halafu ikafika Jumamosi. Siku hiyo alikuwa anakwenda Ngenge kujitambulisha kwa wazazi wa Stellah, maana zile soda zilikuwa zimezaa matunda. Stellah alikuwa ametangulia, na alimwambia waziwazi: "Baba akikataa, mimi simpiti baba."

Kwa safari ya namna hiyo huendi peke yako. Alimchukua mjomba wake Avit, mtu mwenye mwili wa kutosha watu wawili, na shangazi yake Anatolia, msemaji wa ukoo. Tena kulikuwa na kibuyu cha rubisi, pombe ya ndizi ambayo bila hiyo hakuna mazungumzo, na mikungu mitatu. Hadi Muleba ni lami, walisalimika kwa kupita kila tuta kimshazari kama kaa. Walipoingia barabara ya vumbi, tumbo la gari likaanza kukwaruza.

"Shangazi, tupunguze mikungu," Nicholaus alisema.

"Zawadi ya ukweni ikabebwe kichwani kama ya kuuzwa gulioni? Waitu, mwanangu, tutashuka sisi."

Wakashuka. Gari likatangulia taratibu na zawadi zake. Nyuma yake Avit akatembea ameinamisha kichwa, maana viatu vilikuwa vinambana. Anatolia akajitanda kanga kichwani kwa ajili ya jua, kibuyu kifuani, kimefunikwa majani ya mgomba.

Jamani, gari jeusi, linakwenda pole pole, nyuma watu wameinama. Mwenye baiskeli alishuka, akavua kofia. Akina mama waliokuwa wanalima walitua majembe, wakafunga kanga vizuri, wakafuata. Mmoja akaanza wimbo wa kanisani. Anatolia alipogeuka na kuwaona, alimnong'oneza Avit:

"Ona heshima. Ukweni wametutumia watu wa kutupokea."

Wote wawili wakazidi kuinama.

Walipofika walikuwa watu kama arobaini. Mzee Ndyamukama, baba yake Stellah, alitoka kibanjani mwake kofia mkononi, akasogea hadi dirishani kumwangalia marehemu. Akamkuta Nicholaus, jasho linamtiririka, na pembeni yake mkungu wa ndizi umefungwa mkanda wa usalama.

Mzee alitazama ndani. Akamtazama Anatolia, vumbi hadi kwenye nyusi.

"Kwa hiyo ndizi zimepanda," alisema, "shangazi ametembea."

Nicholaus angeweza kusema kwamba ni shangazi mwenyewe aliyeamua. Badala yake akafungua mkanda wa mkungu. Anatolia naye, msemaji wa ukoo, akasogeza kibuyu mbele.

Rubisi ilinyweka, waombolezaji wakiwa wa kwanza. Mwishoni mzee akatoa hukumu: "Kijana sijamkataa. Arudi baada ya wiki mbili. Lakini nitakaa hapa mlangoni, na nataka nimwone huyu mama akishuka garini. Akija kwa miguu tena, habari imekwisha."

Nicholaus alipokuwa anageuza gari, Stellah akamfuata hadi kwenye migomba.

"Nasikia unataka kurudisha springi za zamani."

"Si umemsikia baba yako?"

"Baba atalipanda mara ngapi? Mimi ndiye nitakayelipanda kila siku, na mimi nalitaka hivi hivi. Ukiliinua, nitajua nyumba yetu itaendeshwa kutoka Ngenge."

Wiki mbili zimebaki siku nne. Seti ya kidole kimoja bado iko kwa Sandeep, mjomba Avit amekataa kupungua, na shangazi ameshanunua viatu vya kutembelea. Wewe msomaji wangu, ungekuwa Nicholaus, ungemsikiliza nani?