Binti Aliyerudi Kwenye Insha

Wanafunzi walimwita Mama Aya, naye hakuwahi kuwakataza. Kila aliposimama nyuma ya mtu anayeandika aliuliza swali lile lile, aya yako ya pili iko wapi, hata jina likamganda. Darasa lake lilikuwa juu ya karakana ya seremala. Msumeno ukilia chini, sakafu ilitetemeka, na vumbi la mbao likapanda kwenye nyufa na kutua juu ya madaftari. Pale juu, watu wazima waliotoka kazini walijikunja kwenye madawati ya watoto, wakijifunza kuandika insha za Kiingereza. Muuguzi alitaka kupandishwa cheo. Dereva wa lori alitaka ukarani, maana mgongo ulikuwa umechoka. Mlinzi wa duka la vioo alitaka cheti tu, alisema, akitundike ukutani mahali mgeni atakapokaa akitazamana nacho.

Mama Aya alifundisha kwa mfano. Mtu mgeni wa lugha, aliamini, humtupi majini ukamwambia aogelee. Unampa kwanza kitu cha kushika. Mfano wenyewe aliuandika mwaka ule binti yake alipoahidi kurudi.

Alikuwa mtoto wake wa pekee. Alikwenda ng'ambo kusoma, masomo yakazaa kazi, kazi ikazaa kazi nyingine. Mwaka ule alipiga simu akasema, "Mama, likizo hii nakuja, tiketi nimeshakata." Mtihani wa cheti ulitaka kisa kilichokwisha kutokea. Basi mama akakiandika kabla hakijatokea: gari limesimama langoni, binti anashuka na sanduku jekundu, amekonda, anacheka huku amefunika mdomo kwa kiganja kama alivyokuwa akicheka utotoni, na mama anasahau maneno yote aliyokuwa ameyapanga. Akatoa nakala, akawagawia. Alidhani siku ikifika atakuwa amekosea rangi ya sanduku tu.

Binti hakuja. Ruhusa ilikataliwa. Mwaka uliofuata akasema mwakani, na mwakani ilipofika ikawa na mwakani yake. Insha ikabaki, tena ikazidi kunoga, maana kila muhula mama aliitia mkono. Binti akaongezewa unywele mweupe mmoja, sauti ikawa nzito kidogo, mwendo ukapungua kasi. Alimkuza kwenye karatasi kwa kuwa hakuwa na pengine pa kumkuzia.

Na wanafunzi wakaimeza kama dawa, bila kutafuna.

Hilo alilijua siku aliposahihisha mtihani wa majaribio, mezani kwake, mdogo wake akishona karibu na dirisha. Binti wa dereva alikuwa amerudi na sanduku jekundu. Binti wa muuguzi vile vile, amekonda, kiganja mdomoni. Mwanzoni Mama Aya alicheka. Kisha akaona anasoma polepole, karatasi baada ya karatasi, kama mtu anayekaribisha wageni mlangoni. Kila nyumba binti alikuwa amefika.

Kesho yake alimsimamisha mlinzi.

"Wewe una binti?"

"Sina, Mwalimu. Hata mchumba sina."

"Sasa huyu aliyeshuka langoni kwako?"

"Huyo ni wa mtihani, Mwalimu. Wa kwangu nikimpata nitakuletea umwone."

Darasa likaangua kicheko. Dereva akasema kwamba kwa mshahara wa ulinzi, huyo binti angeshuka akaona nyumba, akapanda gari tena.

Mkuu wa kile kituo cha masomo hakucheka. Alipanda ngazi akihema, akamwita kando. "Mwalimu, watu wa mtihani wamenipigia. Mwaka jana wasahihishaji walimkuta binti mmoja kwenye karatasi chungu nzima. Wamesema wakimwona tena, karatasi za kituo zima zinafutwa."

"Ni mfano tu."

"Najua. Basi mtoe. Hawa watu wamejinyima, dada yangu. Wasije wakafelishwa kwa mtoto wasiyemjua."

Alirudi nyumbani akiwa amejaa maneno, na mdogo wake hakuhitaji kuuliza mara mbili.

"Si uandike mwingine?" alisema mdogo mtu. "Andika moto sokoni. Andika mtu kaibiwa viatu. Visa vimejaa."

"Nikimtoa pale, atakuwa wapi?"

Cherehani ikasimama. "Atakuwa huko huko aliko, dada. Wahenga walisema asiyekuwapo na lake halipo. Wewe umemwekea lake miaka yote hii, ila hujawahi kumwuliza kama atakuja kulichukua."

Ni kweli, hakuwahi. Kila simu aliuliza habari za kazi, za baridi, za jirani mwenye mbwa, akalizunguka swali moja kama mtu anayezunguka shimo uani kwake. Alihofu jibu. Ngoja ngoja huumiza matumbo, lakini tumbo linaloumia angalau linajua linangoja nini.

Jumapili alasiri akapiga.

"Mwanangu, leo nataka uniambie. Utarudi?"

Upande wa pili ukasikika mlango ukifungwa.

"Mama, nisikudanganye tena. Sijui. Huku nimeshaota mizizi. Kila nikisema mwakani, naona kama nimekupa kitu."

"Ulikuwa unaniazima tu."

"Umenikasirikia?"

"Hapana." Alitafuta la kusema, akaangukia lile lililokuwa karibu. "Unakula vizuri?"

"Nakula mno, Mama. Nimenenepa, nguo za zamani zote nimegawa."

Mama alishika simu kwa mikono miwili. Miaka yote alikuwa akimkondesha.

Baada ya kuagana hakulia. Alikaa akitazama mikono ya mdogo wake ikipitisha uzi kwenye tundu la sindano, akajaribu kumwona binti mnene akipita kwenye chumba asichokijua, akashindwa kumwekea sura. Yule wa kwenye insha alikuja haraka, akasimama mbele yake na sanduku. Huyu wa kweli hakuja.

Jumatatu alizikusanya nakala zote. Wengine walizitoa kwa shingo upande; muuguzi aliitazama yake mara ya mwisho kama anayehesabu wagonjwa kabla ya kukabidhi zamu.

"Sasa tushike nini, Mwalimu?" akauliza.

Mama Aya akachukua chaki, akaandika ubaoni kwa Kiingereza, kwa herufi zake za kuinama, kwamba binti yake hajarudi. Nyuma yake akasikia kalamu zikikwaruza.

"Wekeni chini," alisema bila kugeuka. "Huyu ni wangu. Kila mtu aandike anayemngoja yeye."

Kalamu zikawekwa chini. Dereva akakohoa.

"Na sisi tusio na wa kumngoja?" akauliza mlinzi.

"Mama yako yupo?"

"Yupo."

"Ulimwona lini?"

Mlinzi akatazama dari, akatazama dirisha. Aliyekaa naye akamgonga kwa kiwiko kumchokoza, kisha akaona uso wake, akaacha.

"Basi andika anavyokungoja yeye," alisema Mama Aya. "Polepole. Neno ukilikosa, niite."

Vichwa vikainama, kimoja kimoja. Yeye akageukia ubao. Ile sentensi moja ilikaa pale juu peke yake, na ya pili hakuwa nayo. Hakuwa ameipanga wala kuinakili popote. Alisimama chaki mkononi, msumeno chini ukilia na kunyamaza. Kisha akaandika kwamba siku hizi binti amenenepa, mwenyewe anasema, na kwamba mama yake bado hajamwona.