Uzi na Gundi ya Unga

Mwanangu, ipo Ijumaa moja ambayo nikiikumbuka hadi leo nashusha pumzi. Nilikuwa msichana mbichi kutoka Masasi, najifunza kujalidi vitabu kwenye karakana ya Mzee Shomari, pale mtaa wa Gerezani, Kariakoo. Wewe unayenicheka kwamba nashona vitabu kwa sindano wakati jirani ana mashine, sogea usikie.

Bi Zuhura wa Mchafukoge alituletea kitabu cha kasida alichoandika babu yake kwa mkono, kwa herufi za Kiarabu. Nakala nyingine haikuwapo popote. Karatasi zilikuwa zimeachana zote, na maneno yamejaa hadi juu na chini kabisa. Maulidi ya ukoo wao yalikuwa usiku ule ule, na kitabu hicho ndicho walichokisoma kila mwaka.

Mimi nilitaka kukata kingo kwa mashine na kubandika kwa gundi kali, ile ya mafundi viatu. Mzee Shomari akakataa katakata.

"Shona kwa uzi. Jalada libandike kwa gundi ya unga wa ngano."

Nikanuna, mwanangu. Nilijiona mtoto wa kisasa niliyeangukia kwa mzee wa kizamani! Lakini nikapika gundi kama uji, nikafanya alivyosema.

Alipokwenda msikitini, nikaona nimalize kabla hajarudi ili anisifu. Nikashona, nikabandika jalada. Bi Zuhura akamtangulia kufika.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba." Akakipokea kitabu, akakigeuza, uso ukambadilika. "Binti, mbona umeshonea kushoto? Kitabu cha Kiarabu mgongo wake unakaa kulia. Leo tutasoma nini, jamani?"

Sikujua. Vitabu nilivyovizoea kwetu vilikuwa vya kanisani na vya shule, na hakuna aliyewahi kunifundisha kingine.

Mzee Shomari akarudi, akatukuta tumesimama kama wafiwa. Hakufoka.

"Umetumia gundi gani?"

"Ya unga, Mzee."

"Kingo umekata?"

"Hapana."

"Alhamdulillahi," akasema, akavua kofia, akaketi.

Akalilowesha jalada kwa kitambaa cha maji hadi likalegea na kubanduka. Uzi akaukata kwa wembe. Karatasi zikaachia salama, hakuna herufi iliyopotea, ila vitundu vya sindano pembeni.

"Kitu usichokijua, uliza kabla ya kushona," akaniambia. "Hutapungukiwa kitu." Nikashona upya upande wa kulia, nikarudishia jalada, Bi Zuhura akiwa kanisimamia kama mkwe. Nilipomaliza akakifungua, akaanza kuimba kasida hapo hapo, katikati ya kelele za mafundi wa vipuri. Nililia kwa kufarijika, wala sikuona haya.

Mwanangu, sikuambii mashine ni mbaya. Daftari za shule zikatwe na zibandikwe, hazina neno. Lakini kitu ambacho watu hawana kingine, kifanyie kazi inayoweza kufunguliwa na kurudiwa. Ndiyo sababu Kariakoo nzima ina mashine, na bado watu wananiletea vitabu vya wazee wao. Na usiharakishe kazi kwa kutafuta sifa. Uliza kwanza, hata wakikucheka.

Mungu akujalie mikono isiyo na pupa. Na siku utakayokosea, maana utakosea tu, kosa lako liwe lile ambalo bado linarekebishika. Amina.