Msiba wa Fundi Kesho

Wateja ndio waliompa jina la Fundi Kesho, naye hakukasirika, maana alijua amelitolea jasho. Mkono wake kwenye cherehani ulikuwa wa ajabu. Lakini ukimuuliza nguo itakuwa tayari lini, hapo ulimi wake ulikwenda mbio kuliko sindano. Chumba alichoshonea ni cha shangazi yake, kampa bure kwa sharti moja tu: asimtie aibu.

Asubuhi moja mkewe akamletea simu mpya. "Hii inafanya kazi yenyewe. Sema tu, tuipe kazi gani?"

"Kukata vitambaa."

"Ina mikono, baba watoto?"

"Basi iwaambie watu nguo zao ziko tayari."

"Zilizo tayari ni ngapi, hata tuisumbue?"

Fundi akajikuna kwa futi ya kupimia. "Unajua kinachonimaliza ni nini? Kudanganya. Huyu nimemwambia umeme ulikatika, yule mtoto anaumwa, halafu nikumbuke nani nilimpa lipi! Kushona ni starehe, mke wangu. Kazi ni hiyo."

Mkewe akacheka mpaka akakalia suruali za watu. "Basi kazi hiyo hiyo ya kudanganya tuipe simu."

Wakatunga uongo mmoja mzito, wa kuziba midomo yote. Mtu yeyote akiandika kuulizia nguo, simu imjibu: "Ndugu mteja, tumefiwa na shangazi yetu mpendwa. Tuvumilie mpaka kesho."

Mke akaenda zake. Fundi akashona huku anapiga mluzi. Simu inalia, inajibu, inanyamaza. Raha tupu! Alisahau jambo moja tu: shangazi naye ana gauni lake pale, na kuandika ujumbe anajua.

Mlango ukafunguka kwa kishindo.

"Shikamoo, shangazi," fundi akasema.

"Marahaba. Nimezikwa wapi?"

Fundi akainamia chini ya cherehani, utadhani kaburi liko huko.

"Na gauni langu je? Au mmenizika bila nguo?"

"Shangazi, ni hii simu…"

"Simu inanijulia wapi mimi? Kusanya vitu vyako, utoke chumbani kwangu!"

Mara hodi! Akaingia mwalimu wa shule ya jirani, uso umejaa majonzi. "Poleni sana na msiba."

"Tumeshapoa," shangazi akamwambia. "Marehemu ni mimi. Kaa hapo."

Mwalimu akakaa.

"Ulileta nini?"

"Su… suruali ya kijivu."

Shangazi akamgeukia fundi. "Itakwisha lini? Na usinidanganye."

"Jumamosi," fundi akanong'ona.

"Umesikia, mwalimu? Njoo Jumamosi. Ukikuta bado, tutamzika yeye."

Mwalimu akatoka anacheka peke yake; tangu amjue fundi huyu, ndiyo kwanza anaondoka na siku yenye jina. Shangazi akamsindikiza kwa macho, akakitazama chumba chake, hasira ikaanza kumtoka. Akavuta kigoda mpaka mlangoni, akaketi, akanyoosha mkono apewe simu.

"Chumba baki nacho. Ila kuanzia leo, wa kuwajibu watu ni mimi."

"Na mimi nifanye nini, shangazi?"

"Shona. Anza na gauni la marehemu."